Mfereji wa Kiringye na Nyanya Inayoliwa Mbichi

Kiringye, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, ni kijiji cha maji. Bonde lote la Ruzizi, kuanzia Kamanyola hadi Uvira kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika, lina jua kali na mvua chache kuliko milima inayolitazama kutoka juu. Kinacholistawisha ni mito inayoteremka kutoka milima ya Mitumba na kugawanywa kwa mifereji. Bila mfereji hakuna mpunga, na kiangazi hakuna nyanya wala vitunguu. Kwa hiyo anayeuliza kama mboga za huku ni salama hana budi kuanza na maji hayo. Yanapita shamba la jirani wa juu, yanapita mahali ng'ombe wanaponyweshwa na akina mama wanapofua, yanapita kando ya vyoo vilivyochimbwa karibu mno na ukingo, ndipo yanafika kwenye tuta la nyanya. Na nyanya zikishavunwa, mara nyingi huoshwa humo humo ili zing'ae sokoni.

Kwamba tunda au jani bichi linaweza kubeba uchafu wa tumboni, kila mama wa Uvira anajua. Kipindupindu kimemfundisha kwa machozi. Lililo geni kidogo masikioni mwetu ni hili: miongoni mwa bakteria wanaokaa juu ya nyanya, kitunguu, salata au kipande cha nanasi kilichokatwa kando ya barabara, wamo walio sugu, ambao dawa tunazonunua dukani haziwaui. Mtu anaweza kuwala leo asiumwe hata siku moja. Ndiyo maana kuhesabu waliohara wiki hiyo hakutoshi kupima madhara ya mboga chafu. Aliyekula na asihare naye amebeba kitu.

Tumbo la kila binadamu ni makao ya bakteria wasiohesabika, na wengi wao hawana ubaya wowote. Wamo akina E. koli na Klebsiela, wapangaji wa kudumu ambao hatuwahisi. Usugu wao umeandikwa kwenye jeni, na jeni hizo mara nyingi zimebebwa na kijiduara kidogo kiitwacho plazimidi. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake nakala ya kijiduara hicho, hata kama mwenzake ni wa aina nyingine kabisa. Fikiria E. koli aliyetoka kwa ng'ombe aliyechomwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini mara tatu mwaka huu. Ameingia mfereji na kinyesi, amefika kwenye jani, ameliwa. Hana haja ya kumuumiza aliyemla. Inatosha akae siku chache tumboni na kuwagawia wenyeji jeni zake.

Deni hulipwa baadaye, na mara nyingi hulipwa na mwingine. Miezi imepita, mama yule yule anapata maambukizi ya njia ya mkojo, amoksisilini haimsaidii. Au amejifungua kwa upasuaji, na kidonda kinatoa usaha usiokoma. Au mtoto wake mchanga, aliyepata bakteria wa mama wakati wa kuzaliwa, anapata homa siku ya tatu, na sindano za kawaida za kituo cha afya haziishushi. Muuguzi anabadilisha dawa, familia inauza mbuzi, na hakuna hata mmoja anayeikumbuka nyanya. Mimi naliona hilo kuwa gumu kuliko yote katika suala hili: umbali kati ya sababu na msiba ni mrefu kiasi kwamba macho hayauoni uzi unaoviunganisha.

Waliofuatilia kwenye maabara wameona upande wa pili wa uzi huo. Katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walichunguza damu ya watoto zaidi ya 1,600 waliolazwa kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002 wakishukiwa kuwa na maambukizi mazito. Waliokutwa na bakteria wa kundi la Gramu-hasi katika damu, kundi la akina E. koli, Klebsiela na Salmonela, walikufa kwa kiwango cha asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walikufa kwa asilimia 20.2. Kilichochangia vifo vile ni kwamba dawa waliyoanzishiwa ilikuwa haimgusi bakteria aliyewashika. Sisi tuliokulia katika nchi ya malaria tunaiogopa malaria, na tuna haki. Ila takwimu hiyo ingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila wodi ya watoto. Kwa dunia nzima, hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 iliweka vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu kuwa milioni 1.27 kwa mwaka 2019, na Afrika ya Magharibi ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko kanda zote.

Na wapangaji wapya huingia tumboni kwa urahisi wa kutisha. Watafiti wa Uholanzi waliwapima wasafiri karibu 2,000 kabla ya safari na baada ya kurudi. Mmoja kati ya watatu wa waliokuwa hawana bakteria sugu alirudi nao, wengi wao bila dalili yoyote. Waliopata hatari zaidi ni pamoja na waliomeza antibiotiki safarini, kwa kuwa dawa huwafukuza wenyeji wa tumboni na kumwachia mgeni nafasi. Msafiri wa Uholanzi hukaa wiki chache, akarudi kwenye bomba safi, na baada ya muda mara nyingi tumbo lake hujisafisha. Mkulima wa Kiringye yupo kwenye maji yale yale mwaka mzima.

Kongo ya Mashariki haina ugeni na dawa zinazoshindwa. Kuanzia mwaka 1979, kuhara damu kulikoletwa na bakteria wa Shigela kulienea Zaire ya mashariki, kukavuka hadi Rwanda na Burundi. Bakteria yule alikuwa ameshazoea dawa za siku zile, ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini. Ikaletwa asidi ya nalidiksi kama mkombozi, na haikuchukua muda akaizoea nayo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojazana Goma mwezi Julai, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kuhara, na kipindupindu kilichopatikana pale kilikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini. Wazee wanaokumbuka kambi zile hukumbuka miili. Hawakuambiwa kwamba katika vidonge walivyogawiwa vimo vilivyokuwa havina kazi tena.

Basi usugu unatengenezwa wapi? Hautengenezwi kwenye nyanya. Nyanya ni gari tu. Unatengenezwa kila mahali antibiotiki inapokutana na bakteria wengi bila kuwamaliza, na katika bonde letu mahali hapo ni pengi. Kuna vijiduka vya dawa vilivyopangana na vya sabuni, ambako mtu hununua vidonge vinne vya "tetra" au "ampi" kwa sababu pesa yake inafika hapo, akavimeza siku mbili, akapata nafuu na kuacha. Simlaumu, aliye na faranga za vidonge vinne hawezi kununua ishirini. Kuna mifugo inayochomwa sindano na mwenye ng'ombe mwenyewe, kwa kukisia uzito kwa macho. Na kuna vituo vya afya visivyo na maabara ya kuotesha bakteria, ambako mganga hana njia nyingine isipokuwa kubahatisha.

Uvira yenyewe inatufundisha ukubwa wa kubahatisha huko. Watafiti waliokuwa wakipima wagonjwa wanaofika na dalili za kipindupindu mjini humo waliona kwamba chini ya nusu ndio waliokuwa nacho kweli. Waliobaki walihara kwa sababu nyingine, zikiwemo virusi na bakteria wengine. Ilhali tiba ya kuhara kwa majimaji, hata kwa kipindupindu chenyewe, ni maji yenye chumvi na sukari, na serumu ya mshipa kwa aliyeishiwa nguvu. Antibiotiki ni msaada kwa walio mahututi. Kila kidonge kinachotolewa kwa mtu mwenye virusi hakimponyi, bali kinachuja tumbo lake na kuwaacha hai walio sugu. Kisha yaliyomo tumboni humo huishia chooni, choo hufurika masika, na masika huelekea mferejini.

Nasema hufurika kwa sababu tumeona. Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake Uvira, ukachukua nyumba, watu, na kuharibu mitambo ya maji. Baada ya hapo ziwa likapanda mwaka baada ya mwaka na kuingia katika mitaa ya ufukweni, vyoo na visima vikawa kitu kimoja. Vita navyo vimewahamisha watu wa bonde mara nyingi kiasi kwamba familia huchimba choo cha muda mahali popote palipo na nafasi, na palipo na nafasi ni kando ya maji.

Hapa sina budi kukaa kidogo juu ya bomba, ingawa msomaji ataona nimeacha mboga. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha afya ya umma na tiba ya kitropiki cha London walichapisha uchunguzi wa miaka mitano, 2009 hadi 2014, uliolinganisha siku ambazo mtambo wa Uvira wa REGIDESO, shirika la maji la taifa, ulizalisha maji na siku uliosimama. Siku moja bila maji ilifuatiwa, ndani ya siku kumi na mbili, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walitokana na kukatika kwa maji. Umeme ukizimika, pampu hunyamaza. Pampu ikinyamaza, watu hushuka ziwani na mitoni na madumu yao. Kipindupindu ndicho kilichohesabiwa, lakini dumu haliteui bakteria. Maji yanayomletea mtu kipindupindu ndiyo pia yanayooshea pilipili na vitunguu vya mezani jioni ile. Na mgonjwa anayehara hupewa dawa, na dawa hulea usugu. Kwa hesabu yangu, saa za umeme wa pampu ni sehemu ya vita dhidi ya usugu sawa na mabango yanayowakataza watu kununua dawa bila karatasi ya mganga, na pengine ni sehemu kubwa zaidi.

Naogopa jambo moja: siku habari hizi zitakapofika sokoni zikiwa nusu nusu, mama mwenye beseni ndiye atakayehukumiwa. Ilishatokea kwa wakubwa kuliko sisi. Mei 2011, Ujerumani ya kaskazini ilikumbwa na E. koli mwenye sumu na aliye sugu kwa pamoja. Watu zaidi ya 3,800 waliugua, zaidi ya 50 wakafa, mamia figo zao zikaharibika. Mamlaka za Hamburg zilinyoosha kidole kwa matango ya Hispania. Wakulima wa Hispania walimwaga mazao yao, masoko yakafungwa, na baadaye ikaonekana matango hayakuwa na kosa. Mbegu za uwatu kutoka Misri, zilizooteshwa machipukizi katika shamba la Ujerumani kwenyewe na kuliwa mbichi kwenye saladi, ndizo zilizobeba maradhi. Nchi yenye maabara kila wilaya ilichukua wiki kadhaa kumjua mhusika. Huku kwetu uvumi wa siku tatu katika soko la Uvira unaweza kumaliza karo ya watoto wa familia mia moja za wakulima, na mfereji ukabaki vilevile.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mbali, Chile. Santiago, mji mkuu, uliteswa na homa ya matumbo miaka mingi. Mashamba ya mboga yaliyouzunguka yalimwagiliwa kwa maji ya mito iliyopokea majitaka ya mji, na kila mwaka salata ziliwarudishia wakazi kile walichokitupa. Wataalamu walijua. Lakini umwagiliaji ule uliendelea. Kisha mwaka 1991 kipindupindu kiliingia Peru, kikavuka mpaka, na serikali ya Chile ikashikwa na hofu. Ilipiga marufuku kumwagilia mboga za kuliwa mbichi kwa majitaka, ikaharibu mazao yaliyokuwa shambani, ikazuia mikahawa isiandae mboga mbichi. Kipindupindu kiliishia kwa wagonjwa arobaini na kitu mwaka ule. Na homa ya matumbo, ambayo hakuna aliyekuwa akiilenga, ilianguka na haikuinuka tena kama zamani. Hawakubadilisha vidonge. Waligusa maji.

Najua Kiringye si Santiago. Serikali ikija kuharibu nyanya za Kiringye bila kuleta maji mengine, itakuwa imefanya uhalifu. Lakini kati ya marufuku na kukaa kimya kuna kazi nyingi ambazo mkulima anaweza kuzifanya kwa jembe alilo nalo. Ghana, watafiti na wakulima wa salata wa Kumasi na Accra walijaribu mambo ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeyaeleza katika mwongozo wake wa 2006. Kidimbwi kidogo kando ya shamba, ambamo maji hutulia kabla ya kuchotwa, huacha mayai ya minyoo na sehemu ya bakteria chini. Maji yanayopelekwa kwa mtaro kwenye mizizi hayachafui majani kama yanayomwagwa kwa kopo kutoka juu. Na kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna huliachia jua kazi: bakteria walio juu ya jani hupungua kila siku inayopita. Jua la Ruzizi tunalolilalamikia lingekuwa mfanyakazi wetu wa bure. Tatizo ni kwamba jani lisilomwagiliwa kiangazi hunyauka, na lililonyauka halina mnunuzi. Kwa nyanya na vitunguu zoezi hilo linawezekana, kwa mboga za majani kama lenga-lenga ni gumu.

Kuhusu kuosha nyanya mferejini, msimamo wangu ni mkali: bora isioshwe kabisa. Nyanya iliyochumwa mchana ina joto ndani. Ukiitumbukiza katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea, na nyanya huvuta maji kupitia kovu la kikonyo. Wanasayansi wa kilimo wameuonyesha mvuto huo tangu miaka ya 1980. Bakteria aliyekuwa nje sasa yupo ndani, na hakuna kuosha kutakakomfikia. Mkulima anadhani ameisafisha, kumbe ameifungia uchafu. Afadhali ivunwe alfajiri, ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, ipelekwe sokoni hivyo hivyo.

Jikoni kuna habari njema ambayo husemwa kwa nadra. Bakteria sugu kwa dawa si sugu kwa moto. Sufuria inayochemka huwaua wote, walio sugu na wasio sugu, bila kubagua. Na upishi wa huku kwetu umejengwa juu ya moto: sombe, yaani majani ya muhogo, hukaa jikoni saa nzima na zaidi, lenga-lenga huchemshwa, nyanya huungwa kwenye mchuzi wa dagaa, ndagala wetu. Wazee waliotuachia vyakula hivi walitukinga bila kutaja jina la kijidudu. Hatari ipo katika vile vinavyoliwa vibichi: nyanya na vitunguu vilivyokatwa juu ya samaki wa mukeke wa kuchoma, pilipili, salata ya mahoteli ya Uvira, muwa uliomenywa barabarani, embe linaloliwa na ganda lake. Ipo pia katika kisu na ubao, pale kitunguu kibichi kinapokatwa mahali panapowekwa chakula kilichoiva.

Sitaki mtu aache matunda. Jimbo letu la Kivu ya Kusini lina watoto wengi wenye utapiamlo, na embe au papai la Ruzizi ni msaada kwao. Tunda linalomenywa nyumbani, kwa mikono iliyonawa sabuni, na kuliwa papo hapo, lina hatari ndogo sana. Lililokatwa asubuhi na kukaa kwenye sinia chini ya jua hadi saa nane ni jambo jingine. Ndimu husaidia: Guinea-Bisau, katika milipuko ya miaka ya 1990, waliotia maji ya ndimu katika mchuzi walipata kipindupindu kwa nadra kuliko wenzao, kwani kijidudu kile hakivumilii uchachu. E. koli na Salmonela huvumilia zaidi, hivyo ndimu peke yake isitegemewe. Klorini inayotumiwa kutibu maji ya kunywa huwafikia walio sugu pia, mradi jani limeoshwa tope kwanza.

Lakini hata nyumba iliyo makini kabisa hununua sokoni, na sokoni kuna ndoo moja. Mama anayeuza lenga-lenga na salata huchota maji asubuhi, huyaweka pembeni, na kila jua likizidi hutumbukiza kiganja na kuyanyunyiza juu ya mafungu ili yasinyauke. Ndoo hiyo hiyo hutumika hadi jioni. Anayechota mtoni hufanya hivyo kwa sababu soko halina bomba, au bomba lipo na halitoi. Ndiyo maji ya mwisho kugusa mboga kabla ya kufika kwa mlaji. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu wahudumu wa klorini husimama kwenye mito na ufukweni wakitia dawa katika kila dumu linalopita. Katika masoko ya Luvungi, Sange na Uvira wahudumu hao wangeweza pia kusimama siku za soko, mwaka mzima, kando ya ndoo za mboga.